Pampu Iliyobaki Chini ya Meza

Mwaka jana mnunuzi wa vyuma chakavu aliingia gereji ya babu yangu pale Korogwe, mizani begani. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Handeni, sina kazi, kidato cha nne nimekwisha maliza, na kichwani nina riwaya ambayo haiandikiki. Nikaambiwa nisaidie kutoa vyuma. Nikainama chini ya meza ya kazi, nikavuta boksi la mbao. Ndani yake, kimeviringishwa kwenye gunia la mkonge, kulikuwa na chuma kizito chenye matundu manne ya kufungia mabomba membamba.

"Babu, hiki nini?"

"Pampu ya 404. Haina kazi. Mpe apime."

Sijui kwa nini, nikasema asipime. Yule bwana akacheka, akaondoka na rimu na ekseli zake. Mimi nikabaki na pampu, na kuanzia siku ile nikawa namsumbua mzee kwa maswali. Haya ninayoandika ni matunda ya usumbufu huo.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Mwaka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Yalikuwa ya siku za Pasaka, maelfu ya kilomita za vumbi na matope, usiku na mchana. Hayakuwa mashindano ya kukimbia tu. Yalikuwa ya kufika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Hebu fikiria mwenyewe.

Magari yakitoka Kenya kushuka Dar es Salaam, au yakirudi, njia ilikuwa hii yetu: Same, Mombo, Korogwe. Babu alikuwa mtoto. Anasema walikaa juu ya tuta la reli tangu alfajiri, na gari moja lilipopita lilikuwa na mlio asioufahamu. Magari ya mashamba ya mkonge aliyazoea, hata kwa sauti. Hili, anasema, "lilikuwa halikohoi."

Kukohoa huko ndiko mzizi wa habari yetu.

Gari la petroli la zamani lilikula kwa kabureta. Hewa inapita kwenye koo jembamba, mwendo wake unaongezeka, inanyonya petroli kutoka kwenye kibakuli kupitia jeti, yaani kitundu kidogo. Ndani ya kibakuli kuna floti inayoelea. Mafuta yakijaa inafunga mlango, yakipungua inaufungua. Ni akili ya tangi la choo, basi. Ubaya wake ni kwamba kwenye makorongo mafuta yanarukaruka ndani ya kibakuli: mara injini inakabwa, mara inafurika. Ndipo gari linakohoa.

Injeksheni ya wakati ule ilikuwa kitu kingine. Haikuwa na kompyuta. Ilikuwa pampu inayoendeshwa na injini yenyewe, na ndani yake mna pistoni ndogo, moja kwa kila silinda, zinazosukuma petroli kwa kipimo hadi kwenye nozeli. Gari liruke, liiname, lilale ubavu, kipimo ni kile kile. Peugeot 404 ya injeksheni ilitumia pampu ya Kugelfischer, ya Kijerumani. Injini ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,618, sawa na ya 404 ya kabureta, ila nguvu zilikuwa zaidi.

Sasa angalia orodha ya washindi wa Safari, utaona mabishano ya gereji yameandikwa humo. Mwaka 1959 na 1960 Bill Fritschy alishinda kwa Mercedes 219 ya kabureta. Mwaka 1961 John Manussis akashinda kwa Mercedes 220SE, na ile herufi E ni neno la Kijerumani la injeksheni. Mwaka 1965 wakaja ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, na Volvo PV544 iliyokwisha tumika, kabureta mbili, namba 1 ubavuni. Walianza wa kwanza, wakamaliza wa kwanza. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Spana aliijua kama usukani.

Halafu ikaja zamu yetu. Mwaka 1966 na 1967 Safari ilichukuliwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404 ya injeksheni. Mara mbili mfululizo! Mwaka 1968 Nick Nowicki na Paddy Cliff wakashinda kwa 404 tena. Watu wa umri wa babu wakifumba macho wakaambiwa "gari", wanaona 404.

Je, kabureta ilikufa hapo? Wapi! Mwaka 1971 Edgar Herrmann, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, walishinda kwa Datsun 240Z za kabureta. Mwaka 1974 Joginder akarudi na Mitsubishi Lancer, kabureta. Mwaka 1975 Ove Andersson akajibu kwa Peugeot 504 ya injeksheni. Mwaka 1976 Joginder tena, Lancer tena. Kwa hiyo anayekwambia hiki ni bora kuliko kile, muulize kwanza: bora kwa nani, na nani yuko nyuma yake likiharibika?

Swali hilo si langu. Ni la babu, na alilipata kwa gharama.

Mwishoni mwa miaka ya sabini alinunua 404 ya injeksheni, mkweche, kwa bwana mmoja aliyekuwa akiondoka mashambani. Mji mzima ulimwona mwehu. Yeye alikuwa akitafuta ule mlio wa utotoni. Akaliponya, likatembea, akawa anabeba abiria kati ya Korogwe na Handeni, kilomita 65. Leo ni lami. Wakati ule ilikuwa udongo mwekundu. Masika, gari lilikuwa likisukumwa zaidi ya kuendeshwa.

Mwaka 1982 dada yake mdogo alishikwa na uchungu Handeni, mimba inakataa. Ikaamuliwa apelekwe Korogwe usiku ule ule. Nusu ya njia, porini, injini ikanyamaza. Petroli ya siku zile ilikuwa ya kubahatisha, ya madumu, yenye maji na kutu. Kabureta ukiipa uchafu unafungua jeti, unapuliza kwa mdomo, unaondoka. Zile pistoni za pampu zimebana kiasi kwamba punje ya kutu ni jiwe. Babu alifungua kila alichoweza kufungua kwa mwanga wa kurunzi. Haikuwaka. Lori la mahindi liliwakuta kumekucha.

Dada yake alipona. Mtoto hakupona. Na yule bibi hakuzaa tena.

Nilipoisikia habari hii nilinyamaza. Bibi huyo namfahamu, amenilea. Kumbe kila alipokataa kupanda gari la babu, sisi watoto tukamcheka kuwa mwoga, tulikuwa tukicheka tusichokijua.

Vipuri? Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina ya fedha za kigeni. Mpaka wa Kenya ulifungwa tangu 1977 hadi 1983, kwa hiyo hata Nairobi haikuwa jirani tena. Sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni. Nani angekuletea pampu kutoka Ujerumani?

Babu akaing'oa. Akatafuta 404 ya kawaida iliyopinduka, akachukua kabureta yake ya Solex pamoja na bomba lake la kuingizia hewa, maana la injeksheni haliwezi kuibeba. Akaziba mahali pampu ilipokuwa ikichukulia mzunguko wake. Akaweka pampu ndogo ya mafuta isiyo na nguvu nyingi, kwani floti ikisukumwa kwa nguvu inashindwa kufunga, petroli inamwagika juu ya injini ya moto. Kisha akakaa wiki nzima akibadilisha jeti na kusoma plagi: nyeusi, mafuta yamezidi, nyeupe, hewa imezidi, rangi ya udongo, sawa. Akipanda Lushoto kwenye hewa nyepesi, gari lilitoa moshi, basi alisimama Mombo akaweka jeti ndogo zaidi. Nguvu zilipungua, na kukohoa kulirudi.

"Ulijisikiaje?" nikamuuliza.

"Kama nimemkata mbawa ndege," akasema. "Lakini ndege wangu alikuwa haanguki porini."

Mimi kijana wa leo nilitaka kumwambia kwamba tulirudi nyuma. Wenzetu walikwenda na injeksheni, na leo magari mapya ya petroli yanakuja nayo, tena ya kompyuta. Hata hivyo mtaani nimeona mwenyewe mafundi wakitoa mfumo huo kwenye magari ya Kijapani na kufunga kabureta, kwa sababu kifaa ni ghali na kabureta inajulikana. Zamani ningewaita washamba. Sasa siwezi. Bingwa wa Safari alikuwa na mafundi wakimsubiri mbele na vipuri. Babu alikuwa na kurunzi. Mashine ilikuwa ile ile, barabara ilikuwa ile ile; tofauti ni nani alikuwa akikungoja mbele ya safari.

Wala simtukuzi mzee kupita kiasi. Anakiri kuwa kama angechuja ile petroli kwa kitambaa mara mbili, huenda wangefika. Hilo ndilo linalomfanya aiite pampu "chuma kisicho na kazi", na ndilo lililomfanya asiiuze kwa miaka zaidi ya arobaini.

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, tunahangaika kutafuta visa vya London na Chicago, na huku chini ya meza za wazee wetu kuna maboksi. Shankland na Joginder wameandikwa, na wanastahili. Fundi aliyefungua pampu usiku porini hajaandikwa na mtu. Nenda kaulize kabla mizani haijafika.

Pampu ninayo mimi Handeni, naandikia juu ya meza ilipo. Babu alinipa kwa sharti moja: niende kwanza nikamwombe ruhusa bibi. Nilikwenda. Aliishika, akaipima kwa mikono miwili kama mtu anavyopima kitoto, akaniambia, "Andika, mjukuu wangu. Ila andika na kwamba mvua ilikuwa inanyesha."

Mvua ilikuwa inanyesha.