Waliotandika Mkeka: Klabu na Watu wa Kujitolea katika Kriketi ya Afrika Mashariki

Kriketi ya Afrika Mashariki husimuliwa kwa ushindi wake mchache. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, Kenya iliishinda West Indies baada ya kuitoa timu nzima kwa mikimbio 93. Machi 2003 Kenya hiyohiyo ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, jambo ambalo hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya kucheza mechi za Test iliyowahi kulifanya. Juni 2024 Uganda, ikiwa mgeni kabisa katika Kombe la Dunia la T20, iliishinda Papua New Guinea kule Guyana. Kati ya tarehe hizi kuna kimya cha miaka mingi, na msomaji huachwa aamini kwamba vipaji vilizuka ghafla na kutoweka ghafla, mithili ya mvua ya jangwani. Hoja ya makala hii ni kwamba simulizi hilo lina kasoro ya kihistoria kabla hata hatujafika kwenye suala la shukrani. Klabu, pamoja na watu walioziendesha bila mshahara, ndizo zilizokuwa sababu ya mambo yale. Anayewaacha nje ya historia hubaki na matokeo yasiyoelezeka.

Mizizi yenyewe ni ya kikoloni, na hakuna haja ya kuificha. Mombasa Sports Club ilianzishwa mwaka 1896. Nairobi ilikuwa na mechi ya maofisa wa serikali dhidi ya walowezi kuanzia 1910, na kuanzia 1933 ikawa na mechi ya Wazungu dhidi ya Waasia. Lakini mchezo uliokuja kuzaa timu za taifa haukukaa sana katika klabu za watawala. Ulikaa katika klabu za jumuiya za Waasia: Wagoa, Masingasinga, Waismaili, Wakachi, Wakanbi, kila kundi na uwanja wake. Majina kama Swamibapa, Aga Khan, Sikh Union, Nairobi Gymkhana, Sir Ali Muslim na Kanbis yalijaza ratiba ya ligi ya Nairobi kwa miongo mingi, na Dar es Salaam ilikuwa na uwanja wa Annadil Burhani na ule wa Gymkhana. Klabu hizi ziliishi kwa ada za wanachama, michango ya wafanyabiashara na kazi ya mikono. Kamati ilikutana jioni baada ya duka kufungwa. Mweka hazina alikuwa karani wa mtu mwingine mchana.

Ni vigumu kwa mtazamaji wa leo kujua kazi hiyo ilikuwa nzito kiasi gani, kwa sababu kriketi huhitaji maandalizi kuliko michezo mingi. Mpira wa miguu huanza palipo na mpira na vijiti vinne. Kriketi hudai ukanda wa katikati ulio sawa na mgumu, na kwa muda mrefu katika nchi zetu ukanda huo ulikuwa mkeka uliofumwa kwa nyuzi za makumbi, ukatandikwa juu ya udongo uliomwagiwa maji na kushindiliwa kwa roli. Mkeka ukilegea, mpira huruka vibaya na mtu huumia. Kwa hiyo ulivutwa na kukazwa kwa misumari asubuhi kabla ya mechi, ukakaguliwa tena wakati wa mapumziko, ukakunjwa jioni na kuhifadhiwa mbali na mvua na mchwa. Pembeni walikaa waandishi wa alama, wawili kwa desturi, mmoja wa kila upande. Kila mpira unaorushwa huingia kwenye daftari mara mbili, kwenye mstari wa mpigaji na kwenye mstari wa mrushaji, na mwishoni hesabu zote lazima zilingane. Mechi ya siku nzima ina mamia ya mipira. Anayeandika hawezi kwenda msalani bila kutafuta wa kumshikia kalamu, wala hawezi kushangilia kwa muda mrefu. Waamuzi nao walikuwa wanachama waliokubali kusimama juani saa sita au saba, kisha wakalaumiwa na jirani zao wiki nzima. Jikoni kulikuwa na akina mama wa jumuiya, ambao majina yao hayamo katika daftari lolote la klabu. Takwimu zote tunazozitumia leo kumsifu mchezaji fulani zilitoka kwenye meza ile ya waandishi. Ajabu ni kwamba tunazinukuu bila kujiuliza nani alizihesabu.

Mstari kati ya mchezaji na mtu wa kujitolea nao ulikuwa mwembamba sana. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza lilipochezwa Uingereza, timu iliyoitwa East Africa, yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilipoteza mechi zake zote tatu dhidi ya New Zealand, India na England. Wanahistoria wengi huishia hapo, wakitaja mikimbio 171 ya Glenn Turner wa New Zealand kama kipimo cha tofauti ya viwango. Lakini nahodha wa East Africa, Harilal Shah, alirudi Kombe la Dunia mwaka 1999 akiwa meneja wa timu ya Kenya: aliyecheza akageuka mhudumu wa wanaocheza. Timu ya Kenya iliyoshinda Pune nayo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, timu ya watu wenye kazi nyingine. Mfano ulio wazi zaidi ni Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, mtu wa biashara ya bima, aliyeichezea Kenya tenisi ya Davis Cup pia. Alikuwa amestaafu baada ya kuwa nahodha mwaka 1999. Akaitwa tena mwaka 2003 akiwa na miaka 39. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, mbele ya Australia iliyokuwa bingwa wa dunia, alirusha ova 8 na mipira 2, akatoa mikimbio 7 tu na kuchukua wiketi 3. Ustadi wa namna hiyo haujengwi kambini kwa wiki sita. Umejengwa na miaka ya mechi za mwisho wa wiki, na mechi hizo zilikuwepo kwa sababu kulikuwa na watu waliohakikisha zinakuwepo.

Uganda inatupa jaribio kali zaidi la hoja hii, kwa kuwa huko msingi wa klabu za jumuiya ulivunjwa kwa amri. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na pamoja nao zikaondoka kamati, vifaa, waamuzi na sehemu kubwa ya wachezaji. Kwa mantiki ya simulizi la timu ya taifa, kriketi ya Uganda ilipaswa kufa. Haikufa, kwa kuwa shule zilikuwa na walimu. King's College Budo na Busoga College Mwiri ziliendelea kufundisha mchezo, na wanafunzi waliotoka huko wakaanzisha au kufufua klabu za mijini. Uganda ikawa mwanachama wa Baraza la Kimataifa la Kriketi kwa jina lake yenyewe mwaka 1998, na mwaka 2004 vijana wake wa chini ya miaka 19 wakacheza Kombe la Dunia nchini Bangladesh. Frank Nsubuga, aliyeichezea timu ya pamoja ya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1997 akiwa kijana mdogo, ndiye aliyerusha ova 4 kwa mikimbio 4 dhidi ya Papua New Guinea mwaka 2024, akiwa na miaka 43. Maisha yake ya mchezo yameunganisha ligi ya kujitolea na jukwaa la dunia. Siku chache baadaye timu hiyohiyo ya Uganda ilitolewa kwa mikimbio 39 na West Indies. Sisemi kujitolea kunashinda kila kitu. Nasema kunaeleza jinsi nchi isiyo na fedha za mchezo ilivyofika uwanjani hapo kuanzia mwanzo.

Rwanda ilianza bila hata kumbukumbu ya klabu. Vijana waliokulia au kusoma Uganda na Kenya walirudi nyumbani baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wakiwa na mchezo huo kichwani, wakaunda chama mwaka 1999. Kwa miaka mingi uwanja wao mkuu ulikuwa Kicukiro, kwenye shule ya ufundi ya ETO, mahali ambapo watu zaidi ya elfu mbili waliokimbilia ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa waliachwa mikononi mwa wauaji mnamo Aprili 1994. Uwanja mpya wa Gahanga ulifunguliwa mwaka 2017, na sehemu ya kampeni ya kuuchangia ilikuwa kitendo cha nahodha Eric Dusingizimana, ambaye Mei 2016 alipiga mipira wavuni kwa saa 51 mfululizo mjini Kigali na kuweka rekodi ya dunia. Rekodi ina jina moja. Hata hivyo mtu hapigi mipira usiku kucha bila wa kumrushia, bila mashahidi wa kuhesabu saa, bila wa kumletea maji. Miaka saba baadaye wasichana wa Rwanda walizishinda Zimbabwe na West Indies katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 19, na hapo pia simulizi likaanza upya kama vile hakuna kilichotangulia.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni zito: klabu hizi zilikuwa kuta. Zilijengwa kwa dini, kabila na rangi, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa mfanyakazi. Ni kweli, na heshima inayofuta ukweli huo haifai kitu. Lakini kuta hizo zilipoanza kupasuka, zilipasukia klabuni. Steve Tikolo, nahodha wa 2003, alikuwa mchezaji wa Swamibapa, klabu ya jumuiya ya Wahindu. Sababu haikuwa ukarimu mtupu; klabu zilitaka kushinda ligi, na tamaa hiyo ilifanya kazi ambayo hotuba za umoja hazikuifanya. Pingamizi hili linatufikisha pia mahali ambapo neno "kujitolea" lenyewe halitoshi. Mtunza uwanja aliyevuta roli na kukaza mkeka alilipwa, tena kidogo, kwa hiyo hahesabiwi miongoni mwa waliojitolea. Wala hakuwa mwanachama, kwa hiyo hayumo kwenye picha za kamati zinazotundikwa ukutani. Orodha ya heshima inayomsahau yeye itarudia ubaguzi uleule kwa lugha ya adabu.

Wengine watasema zama za kujitolea zimekwisha, kwamba mchezo wa kisasa unahitaji wataalamu wanaolipwa, na kwamba kamati za wanachama zilijaa ugomvi na upendeleo. Ugomvi ulikuwepo. Ila Kenya imelijaribu wazo la kuanzia juu. Baada ya 2003 fedha na macho yote vilielekea timu ya taifa. Mwaka uliofuata wachezaji na chama wakaingia katika mvutano wa malipo uliozaa mgomo, na mwaka 2005 chama chenyewe kikabadilishwa. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Sababu zilikuwa nyingi, uongozi mbovu ukiwemo, na sitadai kwamba klabu peke yake zingelizuia anguko. Ninachodai ni kwamba kizazi cha Tikolo kilipozeeka hakukuwa na ligi iliyotunzwa vya kutosha kutoa kingine. Mtaalamu anayelipwa hufanya kazi vizuri pale ambapo mtu mwingine ameshaandaa mechi ya Jumamosi.

Linabaki pingamizi la watu wenye subira kidogo: tuzo ni karatasi. Uingereza, bodi ya kriketi huwapa wanaojitolea tuzo kila mwaka, na Baraza la Kimataifa limewahi kuwa na tuzo ya mtu wa kujitolea katika programu zake za maendeleo; mtu anaweza kuuliza cheti hicho kinamsaidia nini aliyeutunza uwanja miaka thelathini. Nakubali kwamba cheti peke yake ni kidogo, na mara nyingine ni njia rahisi ya kukwepa bajeti. Ila kuna utambuzi wa aina nyingine. Daftari za alama za klabu, zinazooza makabatini, zinaweza kupokelewa na nyaraka za taifa kama vile zinavyopokelewa barua za machifu na rejista za misheni. Ndani yake kuna majina ya wachezaji wa Kiafrika wa mwanzo kabla magazeti hayajawataja. Watunza uwanja wa zamani wanaweza kuhojiwa wangali hai. Klabu zinaweza kupewa kura yenye uzito katika vyama vya taifa, badala ya kuitwa siku ya uchaguzi tu. Na jambo lililo gumu kuliko yote ni ardhi: viwanja vya michezo vya miji yetu vinatamaniwa na wajenzi, na klabu isiyo na hati iliyo salama itapokea tuzo yake mwaka huu na notisi ya kuhama mwaka unaofuata. Kati ya hayo yote ningeanza na hati, kwa sababu daftari likichelewa mwaka mmoja bado linaweza kusomeka.