Senti Iliyokosa Herufi Mbili

Kabla hatujaanza, toa sarafu mfukoni, uisome pande zote mbili. Umeona jina la nchi? Umeona mwaka? Vema. Leo tutajifunza habari za senti za kwanza za Marekani.

Kiwanda cha sarafu cha Marekani kilianzishwa mwaka 1792, mjini Philadelphia. Mwezi wa Machi 1793 zilitoka senti za shaba 11,178. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mwanamke na neno LIBERTY, maana yake Uhuru. Upande wa pili palikuwa na mnyororo wa pete 15, kwa kuwa majimbo yaliyoungana yalikuwa 15. Jina la nchi liliuzunguka mnyororo huo, lakini liliishia AMERI. badala ya AMERICA. Baadaye ukachongwa muhuri mwingine, na jina likaandikwa lote.

Muhuri ni chuma kigumu kinachogandamizwa juu ya shaba ili kuacha alama. Siku zile mafundi waliutengeneza kwa mkono, wakigonga herufi moja moja. Ulipopasuka, ufa ulitokea kwenye senti kama mstari. Ulipoharibika kabisa, ulitengenezwa mwingine, nao haukufanana sawasawa na wa kwanza. Makosa nayo yalikuwapo. Ziko senti za mwaka 1801 ambazo neno UNITED linasomeka IINITED, na 1/100 imeandikwa 1/000!

Watu wengi walizitumia senti hizo bila kuona neno. Wachache walizitazama, wakazikusanya. Mwaka 1949 William Sheldon alitoa kitabu, akaipa kila aina namba yake. Senti ya AMERI. sasa ni adimu, na bei yake ni kubwa.

Wako pia walioutazama ule mnyororo. Mwaka 1793 magazetini walilalamika kwamba mnyororo ni dalili mbaya kwa uhuru. Mwaka ule ule ukaondolewa, likawekwa shada la majani. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 1790 ilikuwa imeonyesha watumwa karibu 700,000 katika nchi hiyo. Ilikuwa mpaka mwaka 1865 ndipo utumwa ulipokomeshwa nchini kote.

Basi, ndugu msomaji, usomapo kitu, soma kila herufi, kisha uulize maana yake.

MASWALI
1. Ni herufi zipi zilizokosekana katika AMERI.?
2. Kwa nini senti za siku zile hazikufanana?
3. Kwa nini watu waliuchukia mnyororo?