Ugonjwa wa Lyme Unaoathiri Mishipa ya Fahamu na Tiba Yake

Ugonjwa wa Lyme husababishwa na bakteria wa jamii ya Borrelia, ambao humwingia binadamu anapoumwa na kupe. Jina lake limetokana na mji wa Lyme, jimbo la Connecticut nchini Marekani, ulikobainika katika miaka ya 1970. Hupatikana zaidi Amerika ya Kaskazini, Ulaya na baadhi ya maeneo ya Asia.

Dalili

Dalili ya awali kwa kawaida ni baka jekundu linalotanuka mahali alipouma kupe. Kwenye ngozi nyeusi baka hilo huweza kutotambulika kwa urahisi. Lisipotibiwa, bakteria huweza kufikia mishipa ya fahamu ndani ya wiki au miezi michache. Mgonjwa huweza kupooza uso, kupata maumivu makali ya mgongo au viungo yanayozidi usiku, au kuumwa kichwa na kukakamaa shingo.

Vipimo

Daktari huzingatia dalili, mahali alikokuwa mgonjwa, na kipimo cha kingamwili katika damu. Pale inapohitajika, maji ya uti wa mgongo hupimwa pia.

Tiba

Mwongozo wa vyama vya kitabibu vya Marekani wa mwaka 2020 unaelekeza tiba ya siku 14 hadi 21, kwa doksisiklini ya kumeza, au kwa seftriaksoni, sefotaksimu au penisilini kupitia mshipa. Endapo ubongo au uti wa mgongo wenyewe umeathirika, dawa hutolewa kwa njia ya mshipa kwa wiki 2 hadi 4.

Mishipa ya fahamu hupona polepole. Hivyo uchovu, maumivu au udhaifu huweza kubaki kwa miezi kadhaa baada ya bakteria kuangamizwa. Hali hiyo pekee si sababu ya kurefusha dawa. Tafiti hazijaonesha manufaa ya kufanya hivyo, ilhali madhara yake ni pamoja na kuhara sana na maambukizi yanayopitia mpira wa dawa. Mgonjwa husaidiwa kwa mazoezi ya viungo, dawa za maumivu, na kulinda jicho lisilofumba.

Ushauri kwa wasafiri

Aliyerejea kutoka maeneo hayo na kupata dalili zilizotajwa anapaswa kuwahi kituo cha afya na kumweleza daktari alikosafiri, kwani uso uliopooza huweza kudhaniwa kuwa kiharusi.