Simba Forodhani: Tafsiri na Uunganishaji wa Mifumo Katika Bandari ya Mombasa

Historia ya bandari ya Mombasa kwa kawaida huandikwa kwa kufuata vyombo: jahazi, kisha meli ya mvuke, kisha meli ya kontena. Ni nadra kuandikwa kwa kufuata daftari. Hata hivyo, shehena haitoki forodhani mpaka iandikwe, na kila mwandishi huiandika kwa istilahi za kazi yake. Makala haya yanadai kwamba kuunganisha mifumo mikongwe ya kumbukumbu na mifumo mipya ni kazi ya tafsiri kabla ya kuwa kazi ya uhandisi.

Katika Bandari ya Kale, chini ya vichochoro vya Mji wa Kale, lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Maneno bandari na nahodha yana asili ya Kiajemi. Forodha na shehena yana asili ya Kiarabu. Watu waliotoka pande mbalimbali za Bahari ya Hindi walikutana katika msamiati mmoja. Shughuli kubwa zilipohamia Kilindini, magharibi mwa kisiwa, taasisi ziliongezeka, na kila moja ikaweka kumbukumbu zake kwa namna yake.

Kompyuta zilirithi mgawanyiko huo. Forodha ya Kenya ilitumia mfumo ulioitwa BOFFIN hadi mwaka 2005, Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipoanzisha Simba, mfumo uliotokana na Gaindé wa Senegali. Gaindé ni kifupisho cha maneno ya Kifaransa, lakini kwa Kiwolofu neno hilo lina maana ya simba. Jina, basi, lilitafsiriwa. Mwaka 2008 Mamlaka ya Bandari ya Kenya nayo ilianzisha KWATOS, mfumo wa kusimamia kontena gatini na uwanjani. Mwaka 2009 waya wa baharini wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, katika pande zile zile yalikotoka majahazi. Njia ya mawasiliano ilipatikana. Maelewano ni jambo jingine.

Ugumu wenyewe ni wa kisemantiki. Bandari huhesabu kontena. Wakala wa meli huhesabu hati za kupakilia. Forodha huhesabu matamko ya wenye mali. Hati moja yaweza kuhusu kontena kumi, na kontena moja yaweza kubeba mali ya watu kumi. Kwa hiyo hifadhidata mbili zinapoulizana habari za "shehena" moja, kila moja hujibu kweli, na majibu yasilingane.

Ulimwenguni, swali hili lilikwisha kushughulikiwa. Shirika la Object Management Group, lililoundwa mwaka 1989, lilitoa kanuni za CORBA mwaka 1991. Chini ya kanuni hizo, programu huundwa kwa vipande vinavyojitegemea, kila kimoja kikibeba data zake pamoja na kazi zake, navyo vyaweza kukaa katika kompyuta zilizo mbalimbali. Mfumo mkongwe hauvunjwi. Huvikwa tabaka la nje linalopokea maswali kwa lugha ya wote, likayatafsiri kwa lugha ya ndani, kisha likarudisha jawabu. Ni kazi ya mkalimani. Lakini mkalimani huyo hawezi kutafsiri kile ambacho wenye mifumo hawajakubaliana maana yake.

Kenya ilikabili suala hilo kwa kuunda wakala wa KenTrade mwaka 2011, na mwaka 2014 ukazinduliwa mfumo wa Dirisha Moja, ili hati za biashara ziwasilishwe mara moja na kusomwa na taasisi nyingi. Gharama ya kutoelewana si ndogo: mfanyabiashara wa Kampala au Kigali huweza kutozwa ada ya uhifadhi mzigo wake unapongoja maneno mawili yapatanishwe.

Tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya. Mawakala wa Kilindini hujadiliana kwa Kiswahili kutwa, kisha hujaza matamko kwa istilahi za Kiingereza. Lugha iliyokuwa mkalimani wa bandari hii iliingia katika jina la mfumo wa Simba, haikuingia katika fasili zake. Simba alikaa mlangoni tu. Kuiingiza lugha ndani ni kazi ya wanaistilahi wakishirikiana na wahandisi, nayo yafaa ifanywe wakati mifumo inapobuniwa, si baada ya fasili kukwisha kuwekwa.