Matope ya Agincourt

Wewe uliyetusikiliza redioni, haya hapa maneno yale yale katika karatasi. Soma polepole. Ukikutana na jina gumu la Kizungu usikwame, lipite, uendelee.

Leo tuzungumze juu ya sinema. Labda utasema: sinema na historia wapi na wapi? Lakini fikiri kidogo. Habari za Ulaya ya kale, wakati wa panga na ngao, wengi wetu hatukuzipata vitabuni. Tumeziona katika picha. Farasi wanaanguka, mtu anakatwa shingo, damu inachuruzika, na kila mmoja amejaa tope hadi kwenye nyusi. Mtazamaji akitoka nje husema, "Hii ndiyo kweli yenyewe. Hawa hawakuficha kitu." Basi mimi nauliza: je, tope nyingi na damu nyingi ni ushahidi kwamba picha inasema kweli?

Tuchukue mapigano mamoja tu, tuyatazame vizuri. Agincourt ni kijiji cha kaskazini ya Ufaransa. Mwaka 1415 Henry wa Tano, mfalme wa Uingereza, alivuka bahari na jeshi lake, akidai kwamba ufalme wa Ufaransa ni haki yake. Aliuzingira mji wa Harfleur kwa muda wa zaidi ya mwezi mmoja, akautwaa. Lakini askari wake wengi walishikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Wengine walikufa, wengine wakarudishwa kwao. Waliobaki walishika njia ya kwenda Calais, bandari iliyokuwa mikononi mwa Waingereza, hali wamechoka na wana njaa. Jeshi la Wafaransa, kubwa kuliko lao, likawazibia njia.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba mvua ilinyesha sana. Uwanja wenyewe wa kupigania ulikuwa shamba lililolimwa karibuni, na misitu huku na huku. Wewe uliyeshika jembe, huhitaji mimi nikueleze shamba la namna hiyo linakuwaje likinyeshewa. Sasa mwone mtu aliyevaa deraya, yaani mavazi ya chuma ya vita, uzito wake kama kilo 20 au 25. Anakwenda kwa miguu ndani ya tope lile, na mishale inamnyea kama mvua. Wafaransa wa mbele walianguka. Wa nyuma, kwa kuwa hawakuona yaliyotokea mbele, walizidi kusukuma. Wengi hawakufa kwa upanga. Walikosa pumzi chini ya miili ya wenzao. Nao wapiga mishale wa Kiingereza, watu wa kawaida wasiolemewa na chuma, waliweka pinde chini, wakachukua shoka na nyundo, wakawaingilia.

Kwa hiyo tope la Agincourt ni la kweli. Hilo tusiwanyime watengenezaji wa picha.

Lakini liko jambo jingine. Siku ile Waingereza walikamata mateka wengi. Zamani zile mateka mwenye cheo alikuwa ni mali, maana jamaa zake walilipa fedha nyingi ili arudi nyumbani. Kabla mapigano hayajaisha, kelele zilipigwa kwamba Wafaransa wanakuja tena, na kwamba mizigo ya mfalme huko nyuma imevamiwa. Henry akatoa amri: mateka wauawe. Waandishi wa wakati ule wanasimulia kwamba mabwana waliowashika walikataa, kwa kuwa hawakutaka kupoteza fedha zao. Ndipo mfalme akatuma wapiga mishale 200 kuifanya kazi hiyo. Waliouawa walikuwa watu waliokwisha kutoa silaha zao na kuahidiwa uhai.

Yaweke hayo moyoni, kisha twende kwenye sinema.

Mwaka 1599 Shakespeare alitunga mchezo wa kuigiza juu ya mfalme huyu. (Ni Shakespeare yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alifasiri mchezo wake wa Julius Caesar kwa Kiswahili, ukatoka mwaka 1963.) Katika mchezo huo amri ya kuua mateka imo, wala haikufichwa. Mwaka 1944 Laurence Olivier aliutoa mchezo ule kwa sinema. Picha yake ni safi na ya rangi nzuri, bendera zinapepea, jua linawaka. Mapigano yalipigwa picha huko Ireland, nchi ambayo haikuwamo katika Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilikuwamo, na watu wake walihitaji kutiwa moyo. Picha yenyewe ilitolewa kwa heshima ya makomando na askari wa miamvuli. Je, amri ya kuua mateka? Imekatwa. Siwezi kumshangaa sana Olivier. Mwaka ule ule vijana wa Kiingereza walikuwa wakishuka pwani ya Ufaransa, na kila mmoja wao angeweza kuwa mateka kesho yake. (Ila lile la bwana mwenye deraya kuinuliwa kwa kamba hadi juu ya farasi ni kichekesho tu. Mtu aliyezoea deraya alipanda mwenyewe.)

Mwaka 1989 akaja Kenneth Branagh na picha ya mchezo ule ule. Huku hakuna jua. Ni mvua, tope na damu, na mfalme mwenyewe, amechafuka uso, amembeba begani mtoto aliyeuawa. Watu wakasema sasa wameonyeshwa vita kama vilivyo. Je, amri ya kuua mateka? Imekatwa vile vile. Tope limeingia, amri imebaki nje, na mfalme ambaye nguo zake zimechafuka ametoka na mikono safi.

Mwaka 2019 ikatoka picha ya tatu, iitwayo *The King*, ya David Michôd. Hiyo ina giza na tope kuliko zote, na humo mfalme anaamuru mateka wauawe. Nawasifu kwa hilo. Lakini picha hiyo hiyo inamleta mwana wa mfalme wa Ufaransa uwanjani, anateleza kwenye tope, na askari wanamwua. Louis, mwana wa mfalme, hakuwapo Agincourt. Alikufa kwa ugonjwa mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Na shauri la kuwapiga Wafaransa ndani ya tope linatolewa na Falstaff, mtu aliyebuniwa na Shakespeare kwa kalamu yake!

Kabla hatujaachana, nataka umjue mtu mmoja aliyekuwapo kweli. Jina lake Ghillebert de Lannoy, askari wa upande wa Wafaransa. Alijeruhiwa goti na kichwa, akalala kati ya maiti. Waingereza wakamwokota, wakamtia ndani ya nyumba pamoja na mateka wengine kumi au zaidi, wote wamejeruhiwa. Amri ya mfalme ilipotoka, walinzi hawakujisumbua kuua mmoja mmoja. Waliitia nyumba moto. Ghillebert alitambaa kwa mikono na magoti mpaka akatoka nje, na wenzake wakaungua. Waingereza walimkuta pale pale, wakamkamata mara ya pili, naye akauzwa kwa bwana mwingine. Baadaye alikombolewa kwa fedha, akarudi kwao, akaandika habari zake mwenyewe. Katika picha zote tatu, ile nyumba haimo.