Nyumba za Mabinti wa Lamu

Chumba cha nyumba ya kale ya Lamu kiliweza kuwa kirefu kadiri mwenyewe alivyojaliwa, ila upana wake uliamuliwa na mkoko. Dari hubebwa na boriti za mkoko, na boriti iliyotwishwa sakafu ya mawe na chokaa haipiti sana mita 2.5 au 3 kabla haijaanza kupinda. Kwa hiyo tajiri wa karne ya 18, awe na majahazi baharini na mashamba bara, alilala katika chumba chembamba kama cha jirani yake. Utajiri aliuonyesha ukutani.

Mji ni mkongwe kuliko nyumba hizi. Msikiti wa Pwani, jirani na ngome, unahesabiwa kuwa wa karne ya 14. Lakini nyumba nyingi za mawe zinazosimama Mkomani, upande wa kaskazini, zilijengwa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, Lamu ilipostawi kwa biashara ya ng'ambo. Langoni, upande wa kusini, ndiko walikokaa wageni na wasio na uwezo wa kujenga kwa mawe, katika nyumba za udongo na makuti. Na huko ndiko Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, alikojenga Msikiti wa Riyadha, ambao leo huvuta maelfu ya watu kwa Maulidi.

Kwa nje nyumba ya Mkomani ni kimya. Ukuta mnene, vidirisha vichache, mlango. Wageni huipiga picha milango, nayo nakshi yake inastahili kuangaliwa. Mmoja wa wachongaji wake mashuhuri, Muhamadi Kijuma, alikuwa pia mshairi na mnakili wa tenzi, aliyewaandikia wataalamu wa Ulaya hati nyingi za Kiswahili. Hata hivyo naona mlango umesifiwa kupita haki yake, kwa kuwa nyumba yenyewe inaanzia nyuma yake.

Ukipiga hodi unasimama dakani, penye baraza za mawe pande mbili, mahali pa kumpokea mwanamume asiye wa nyumba. Kutoka hapo njia imepindwa makusudi, ili jicho la mpita njia likomee ukutani. Kisha kiwanda, uwa ulio wazi kwa mbingu, ambao ndio unaoipa nyumba hewa na mwanga. Kandoni mwake upo msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, nyuma yake msana wa yuu, ukumbi wa juu, kisha ndani. Unapozidi kuingia, sakafu inapanda kidogo, mwanga unafifia, na wanaoruhusiwa kufika wanapungua. Ndani ni chumba cha wenye nyumba, na ukuta wake umejaa zidaka, safu juu ya safu, zilizofanyizwa kwa matumbawe na chokaa kwa ustadi ambao leo mafundi wachache wanao. Humo ziliwekwa sahani za kaure kutoka China na vitu vya thamani. Mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoyalilia majumba ya mji wa Pate katika Al-Inkishafi, hakuzisahau zidaka hizo na vyombo vyake.

Chumba cha nyuma kabisa kilihifadhiwa kwa mambo mazito: kujifungua, na kuosha maiti. Chooni kulikuwa na birika la maji lililowekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure likajengewa sakafuni mwa birika ili maji yakipungua samaki wapate pa kukimbilia. Jiko liko juu kabisa, kwenye kidari cha meko, ili upepo uchukue moshi.

Mpango huu wote una mtu aliyekusudiwa, naye ni binti. Katika familia za Mkomani, binti akiolewa haondoki. Mume ndiye anayehamia kwake. Baba alimwongezea ghorofa juu ya nyumba iliyopo, au alimjengea ng'ambo ya kichochoro na kuziunganisha nyumba mbili kwa wikio, chumba kinachopita juu ya vichwa vya watu. Mama, mabinti na dada waliweza kutembeleana bila kushuka mtaani. Anayesema mitaa ya Lamu imesongamana bila mpango hajajua kwamba anatembea chini ya ndoa za vizazi vinne au vitano.

Uzuri huo ulilipiwa na watu wengine. Watumwa ndio waliolima mashamba ya bara yaliyowatajirisha wenye nyumba, na kazi nyingi nzito za nyumbani zilikuwa juu yao. Utumwa ulipofutwa kisheria nchini Kenya mwaka 1907, mapato ya waungwana yalipukutika, nazo nyumba zikakosa matunzo. Nyumba ya chokaa haivumilii kuachwa. Ufa mdogo wa juu hupitisha mvua, vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huoza, dari inaporomoka, ukuta unabaki. Hayo ndiyo magofu unayoyakuta Mkomani katikati ya nyumba zenye watu.

Pwani ya mji nayo ilibadilika. Ngome, iliyoanzwa baada ya Lamu kuwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa katika Vita vya Shela na kumalizika mwaka 1821 kwa msaada wa Seyyid Said wa Oman, ilikuwa ikitazama maji. Baadaye ufuo ulijazwa, nyumba za wafanyabiashara zenye roshani zikajengwa mbele yake, na ngome ikabaki nyuma. Ilikuwa jela hadi mwaka 1984.

Msanifu Usam Ghaidan alizipima nyumba hizi miaka ya 1970. Mpango wa uhifadhi ulikuwa tayari mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia. Bila juhudi hizo simenti ingekwisha kuenea kila mahali, nayo hufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe hadi lipu inabanduka vipande vipande. Lakini masharti ya uhifadhi yanaitwika familia gharama: chokaa, boriti nzuri, fundi anayezijua zidaka. Nyumba iliyorithiwa na ndugu wanane ni rahisi kuiuza kuliko kuitengeneza. Mnunuzi, mara nyingi mgeni kutoka Ulaya, huikarabati kwa uaminifu mkubwa, na wenyewe huhamia mitaa mipya nje ya mji mkongwe.

Sina kinyongo na wanunuzi hao. Wameziokoa dari nyingi. Ninachoomba ni kwamba fedha za uhifadhi zitangulie kwa kina mama wanaoishi bado katika nyumba zao, na zifike wakati dari inavuja tu. Kubadilisha boriti chache na kupiga sakafu upya kabla ya masika ni kazi ndogo. Boriti hizo zipo karibu, kwani zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya imo katika kaunti ya Lamu, na mafundi wa chokaa wangalipo wa kuwafundisha vijana kazi hiyo.