Uzazi wa uamuzi

Mwaka 1956 Robert Solow alichapisha modeli ya ukuaji wa uchumi ambayo hadi leo hufundishwa vyuoni. Ndani ya modeli hiyo idadi ya watu huongezeka kwa kasi moja isiyobadilika, na mchumi huipokea kasi hiyo kama mkulima anavyopokea mvua, bila kuuliza imetoka wapi. Mishahara ipande au ishuke, kodi iongezwe au ifutwe, watu wanazaa vilevile.

Gary Becker hakuridhika na hilo. Katika makala yake ya mwaka 1960 aliuingiza uamuzi wa kuzaa katika hesabu za kawaida za familia: kipato, gharama na mambo ambayo wazazi wanayathamini. Mwishoni mwa miaka ya 1980, yeye na Robert Barro wakalipeleka wazo hilo ndani ya nadharia ya ukuaji wenyewe. Tangu hapo uzazi ukawa jambo linalotakiwa kuelezwa na modeli, si namba inayoletwa kutoka nje, na ndipo ilipohitajika istilahi.

Kiingereza kiliazima kivumishi chenye mizizi ya Kigiriki, chenye maana ya “kilichozaliwa ndani”. Wanatakwimu wetu husema “kigeu cha ndani”, na darasani inatosha. Lakini ukiandika “uzazi wa ndani” katika gazeti, msomaji atadhani unazungumzia mambo ya hospitali. “Uzazi wa asili” una kasoro kubwa zaidi. Wanademografia, wakimfuata Mfaransa Louis Henry, wanautumia kwa wanandoa ambao hawapunguzi kuzaa kwa kuangalia watoto waliokwisha kuwapata, yaani kinyume kabisa cha tunachotaka kusema. “Uzazi wa mpango” tayari ni jina la huduma na njia za kuzuia mimba. Nimefikiria pia “uzazi wa hiari”, nikauacha: unaahidi uhuru ambao wanawake wengi hawana, na nadharia yenyewe haiuahidi. Mtu huamua akiwa amebanwa na kipato, muda, mila na bei za vitu. Ndiyo maana napendekeza “uzazi wa uamuzi”.

Neno “uzazi” nalo linahitaji ulinzi kidogo, kwa sababu hubeba uwezo wa kuzaa, tendo la kujifungua na afya ya mama kwa pamoja. Hapa tunakusudia kiwango chake, yaani wastani wa watoto ambao mwanamke angezaa maishani mwake kama mwenendo wa sasa ungedumu. Nchini Kenya wastani huo ulikuwa takribani watoto 8 mwishoni mwa miaka ya 1970. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta 3.4. Tanzania mwaka huohuo ilikuwa 4.8.

Ukimfuata mchumi wa zamani Malthus, kipato kikipanda watoto huongezeka. Becker alikabiliana na ukweli uliokwenda kinyume, na majibu yake ni mawili. La kwanza ni muda. Mama anayelipwa vizuri hupoteza kipato kikubwa kila saa anayobaki nyumbani, kwa hiyo mshahara unaompa uwezo wa kulea ndio huohuo unaoongeza gharama ya kulea. La pili aliliandika na Gregg Lewis mwaka 1973: wazazi huchagua idadi ya watoto pamoja na kiasi watakachowekeza kwa kila mmoja, na kimoja hukifanya kingine kuwa ghali. Walichokiita wao “ubora” mimi siwezi kukitamka juu ya mtoto wa mtu. “Uwekezaji kwa kila mtoto” ni refu, lakini halimpimi mtoto kama bidhaa.

Kodi inaingia mlango huu wa muda. Kodi ya mshahara hupunguza anachobaki nacho mfanyakazi kwa kila saa, na hivyo hupunguza kile anachokipoteza akibaki nyumbani na mtoto. Wakati huohuo humpunguzia kipato cha kumlea. Nguvu hizi mbili zinavutana, wala huwezi kujua kwa kufikiri tu ipi itashinda. Kinachojulikana ni kwamba kodi hiyo haikai pembeni ya uzazi.

Ufaransa imelijua hilo tangu mwaka 1945, ilipoanza kugawa kipato cha kaya kwa mafungu kulingana na idadi ya watoto kabla ya kukokotoa kodi. Siku hizi mtoto wa tatu huhesabiwa fungu zima, wakati wawili wa kwanza huhesabiwa nusu nusu. Ujerumani ilifika mbali zaidi. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba, katika bima ya matunzo ya muda mrefu, wanaolea watoto hawapaswi kutozwa sawa na wasio na watoto, kwa kuwa watoto hao ndio watakaochangia mfuko kesho. Kuanzia mwaka 2005 wasio na watoto walitozwa nyongeza ya asilimia 0.25 ya kipato. Uamuzi huo naona ni wa haki kwa mantiki yake, ingawa unamwumiza asiyejaliwa kupata mtoto.

Kwetu nafuu za namna hiyo zingewafikia wachache, kwani wengi hawamo katika kodi ya Lipa Kadri Upatavyo. Hapa mkono wa serikali ndani ya hesabu za wazazi ni shule. Tanzania ilipofuta ada za kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za umma mwaka 2016, gharama ya kila mtoto kwa wazazi ilishuka, jambo linaloweza kusukuma idadi juu. Lakini binti anayebaki darasani huchelewa kuolewa, na baadaye saa yake ya kazi huwa na thamani kubwa, jambo linaloisukuma chini. Bajeti inayoandika gharama ya kufuta ada hizo kama matumizi ya mwaka tu imeiacha nje sehemu hiyo ya hesabu, na mchumi anayeishauri serikali anapaswa kuidai.